Bi Wakili Anajibu: "Serikali ilisaini, mbona mimi sina kitambulisho?"

Toleo lililopita nilidokeza, kwa mstari mmoja tu, kwamba karibu serikali zetu zote zimeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi. Mstari ule umeniletea barua kuliko yote niliyoandika juu ya mirathi na talaka, na mimi nilidhani mirathi haina mpinzani. Wengi mnauliza jambo moja: serikali ikiuvunja mkataba, nani wa kuishika, na mtu wa kawaida anaingilia mlango gani? Nimetoa barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kisa chake nakijua na bado kinanikera.

Shikamoo Bi Wakili. Mimi ni kijana wa Makina, Kibra, Mnubi, nina miaka 19. Baba ana kitambulisho, mama anacho, babu alikuwa nacho mpaka anakufa. Nilipokwenda kuomba changu niliambiwa ningoje siku ya msasa, yaani ya kuchujwa na wazee. Wenzangu niliomaliza nao shule, wenye majina ya Kikamba na Kiluhya, walijaza fomu, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mimi niliketishwa mbele ya wazee nikaulizwa babu wa babu yangu alitoka wapi, kisha nikatakiwa nilete hati ya kiapo na nakala ya kitambulisho cha babu. Nimezungushwa mpaka nimechoka. Bila kitambulisho siwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti wala kuomba mkopo wa chuo. Wewe ulisema huu ni ubaguzi kwa mujibu wa mkataba. Nifanyeje, niende Geneva kwenye kamati ya mkataba huo?
*Kijana wa Makina, Nairobi*

Marahaba, mwanangu. Geneva kuna baridi na chai yao ni ghali, usianzie huko. Utaanzia dirisha lile lile ulilorudishwa, ila safari hii uende na karatasi.

Kwanza ujue unachodai. Mkataba ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 21 Desemba 1965, ukaanza kutumika Januari 1969, na Kenya ikajiunga Septemba 2001. Kifungu chake cha kwanza kinataja rangi, nasaba, na asili ya taifa au ya kabila. Kinasema ubaguzi ni kumtofautisha au kumwekea mtu kizuizi kwa misingi hiyo, ikiwa lengo lake au matokeo yake ni kumpunguzia haki. Hapo kwenye matokeo ndipo ushike. Hakuna anayekudai uthibitishe kwamba wale wazee wanawachukia Wanubi. Pengine mmoja wao ni Mnubi na anakuonea huruma. Ukionyesha kwamba mwenzako alimaliza shughuli asubuhi moja na wewe unazungushwa miezi, kwa fomu ile ile na umri ule ule, kazi kubwa umeshaifanya. Kifungu cha 5 nacho kinataja haki ya uraia waziwazi.

Wakili wa serikali atasimama aseme huo ni mkataba wa mataifa, si sheria yetu. Zamani alikuwa na hoja. Tangu Agosti 2010 hana, kwa sababu Ibara ya 2(6) ya Katiba inasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Ibara ya 14 inasema aliyezaliwa na baba au mama Mkenya ni raia wa kuzaliwa, na ya 12 inampa kila raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Msasa wenyewe unaning'inia kwenye kifungu cha 8 cha Sheria ya Usajili wa Watu, kinachomruhusu afisa kutaka ushahidi zaidi wa yale uliyomweleza. Kinamruhusu kumuuliza yeyote anayemtilia shaka. Hakuna mahali kinapomwambia awaulize Wanubi, Wasomali na Waarabu wa Pwani, na wengine awapitishe wakiwa wanacheka.

Haya hayakuanza na wewe, na ni vizuri ukifika dirishani uwe unajua. Wazee wako waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakakalishwa Kibra, na mwaka 1918 ekari 4,197 za hapo zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Hati hawakupewa. Mkoloni aliwahesabu kuwa wageni wasio na eneo la kabila, na serikali ya uhuru ikalirithi faili lile pamoja na vumbi lake. Mwaka 2017 jamii ilikabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Toa mwenyewe, uone kilichobaki.

Mwaka 2003 Wanubi walikwenda Mahakama Kuu mjini Nairobi kudai uraia wao utambuliwe. Kesi ikakwama kwenye taratibu, miaka ikapita bila hata kusikilizwa. Mwaka 2009 mashirika mawili ya kutetea haki yakaipeleka kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, chombo cha Umoja wa Afrika, kwa niaba ya watoto wa Kinubi. Serikali ingeweza kusema "malizeni kwanza kesi ya nyumbani." Kamati ikaona kwamba mtoto hawezi kuambiwa asubiri uraia huku utoto wake unaisha. Tarehe 22 Machi 2011 ikaamua kwamba Kenya imekiuka haki ya watoto hao ya utaifa, haki yao ya kutobaguliwa, na kwa sababu hiyo pia haki za afya na elimu. Ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa Kamati ile juu ya kiini cha malalamiko. Kama hesabu zangu ni sawa, wewe wakati huo ulikuwa chekechea. Yaani kesi ile ilikuwa yako, ukashinda, na hukuambiwa.

Mwaka huo huo, mwezi Agosti, Kenya ilijieleza kwa mara ya kwanza Geneva mbele ya Kamati ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi, kwa ripoti iliyotakiwa tangu 2002. Ikarudi tena 2017. Ukiyasoma mapendekezo waliyopewa, utakuta Wanubi na vitambulisho vyao humo ndani. Kisha ikaja Huduma Namba, mpango wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, na Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, jirani zako hapo Kibra, wakawa miongoni mwa walioipeleka serikali mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuchukuliwa kwa vinasaba na alama za mahali mtu anapoishi, wakasema mpango usiendelee mpaka uwekewe kanuni za kutosha, na wakalitambua hili lako: kwamba asiye na karatasi anaweza kufungiwa nje ya huduma zote. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, akatangaza kwamba msasa wa ziada umekwisha. Nilifurahi, sikatai. Lakini tangazo la mkutanoni si sheria ya Bunge. Mtu anaweza kulipinga mahakamani, na afisa wa dirishani anaweza kukwambia waraka haujamfikia.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika barua ya kuomba sababu za kukucheleweshea kitambulisho, ukitaja kifungu cha 6 cha Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015. Andika tarehe ulizokwenda, maswali uliyoulizwa, na nyaraka ulizotoa. Wanapaswa kukujibu kwa maandishi ndani ya miezi mitatu, na wakinyamaza sheria inachukulia kwamba hawakuwa na sababu ya maana. Ndiyo maana napenda barua kuliko kelele: afisa akikujibu umepata kitu, asipokujibu pia umepata. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itume kwa rejista ya posta utunze risiti.

Barua ya pili iwe chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Uliza ofisi hiyo ilipokea maombi mangapi mwaka uliopita, mangapi yalipelekwa kwenye msasa, na kwa kigezo gani. Siku 21 ndizo zao. Wakikubania, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsmani. Takwimu hizo zina thamani kuliko kilio chako na changu tukivichanganya.

Baada ya hapo ndipo mahakama. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu kwa haki zake za kikatiba bila ada ya kufungua shauri, na hata kikundi kinaweza kwenda kwa niaba yako. Ombi lako litaje mkataba, litaje uamuzi wa 2011, litaje mapendekezo ya Geneva. Jaji wa Nairobi halazimiki kuifuata kamati ya Geneva kama anavyoifuata Mahakama ya Juu, lakini atapata shida kuandika kwamba hakuna tatizo wakati serikali yenyewe ilikwenda ng'ambo ikaahidi kulimaliza.

Na Geneva yenyewe? Ina kazi yake. Kamati ina wataalamu 18. Serikali inatakiwa kupeleka ripoti kila baada ya miaka miwili, ratiba ambayo wengi wanaivunja bila haya. Siku ya siku, ujumbe wa serikali hukaa mbele ya wataalamu kwa vikao viwili vya saa tatu tatu, kwa kawaida leo alasiri na kesho asubuhi, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kutazama moja kwa moja mtandaoni. Kabla ya hapo asasi za kiraia hupeleka ripoti mbadala, ambayo watu wetu wanaiita ripoti kivuli. Haina ada wala haihitaji shirika lenu liwe na usajili maalumu wa Umoja wa Mataifa. Mwishoni Kamati hutoa mapendekezo, na huchagua machache ambayo serikali iyajibu ndani ya mwaka mmoja.

Nimewahi kuketi kwenye vikao vile. Asasi tulipewa dakika za kuhesabu, na ripoti yetu nene, niliyoitolea jasho kwa tanbihi zake, sidhani kama wengi waliifungua. Mama mmoja wa Pwani tuliyekuwa naye alibeba daftari la shule. Ndani yake aliandika watu wa kijiji chake mmoja mmoja: nani alikwenda ofisini, tarehe gani, aliambiwa nini. Mtaalamu mmoja akaomba kuliona wakati wa mapumziko, akatafsiriwa kurasa mbili. Kesho yake swali aliloulizwa mkuu wa ujumbe wa serikali lilitoka kwenye daftari lile, pamoja na tarehe zake. Basi, mwanangu, anza daftari la Makina.

Neno moja la pembeni, nalisema kama mtu wa Pwani. Wamakonde wa Kwale, ambao wazazi wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 ndipo Ikulu ikaagiza wapewe vitambulisho. Washona, wenye asili ya Zimbabwe, wakatangaziwa Desemba 2020. Wapemba, wavuvi wanaozaliana Kilifi na Kwale miaka nenda miaka rudi, wakapata Julai 2023. Kila mara kuna hema, ngoma na hotuba, na jamii inaongezwa kwenye orodha ya makabila. Nami kila mara hupiga vigelegele na wenzangu, huku nikijiuliza kwa nini raia anakuwa raia kwa kuongezwa kwenye orodha ya makabila. Katiba haikusema hivyo. Atakayekuja kesho bila kabila linalotajika atatembea kwa miguu tena?

Assalam alaykum dada. Mimi ni mtu wa Malindi, nafanya kazi za ndani hapa Doha. Mshahara wangu ni riyali 900. Mwenzangu wa Ufilipino nyumba hiyo hiyo, jiko hilo hilo, analipwa 1,500. Nikimuuliza mwajiri anasema "Wakenya ni 900, ndiyo bei yao." Je, huu si ubaguzi wa rangi? Naweza kuishtaki Qatar?
*Mja wa Mungu, Doha*

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Nianze na lililo karibu. Tangu Machi 2021 Qatar ina mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa wafanyakazi wote wa taifa lolote, wa ndani wakiwemo, na juu yake riyali 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hatoi malazi na chakula cha kufaa. Kwa hiyo 900 yako ni kosa la sheria ya kazi ya huko huko, na kwa hilo huhitaji mkataba wowote wa Umoja wa Mataifa. Lalamika Wizara ya Kazi. Kuna kamati za kutatua migogoro ya kazi. Kabla ya kulalamika, piga picha mkataba wako, na kama unalipwa taslimu anza kuandika kila malipo na tarehe yake. Uwajulishe pia ubalozi wa Kenya hapo Doha, kwa maandishi.

Zile 500 zilizobaki kati ya 1,000 na 1,500 ndizo ngumu, na zina historia. Serikali ya Ufilipino kwa miaka mingi iliweka sharti kwamba raia wake hatoki nchini kwenda kazi za ndani kwa chini ya dola 400. Dola 400 ni riyali 1,456. Sasa unaona bei ya mwenzako ilitoka wapi: ina serikali nyuma yake. Yako imeachiwa mawakala. Hasira yako iigawe, kidogo ibaki Doha na nyingine uitume Nairobi.

Kuhusu mkataba: Qatar ni mwanachama tangu 1976. Tendayi Achiume, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya ubaguzi wa rangi, alizuru huko mwishoni mwa 2019, na kwenye ripoti yake akasema waziwazi kwamba asili ya taifa imejenga matabaka kwenye kazi na maisha, na mshahara hufuata pasipoti. Mshahara wa chini usiobagua ulikuja baada ya shinikizo la namna hiyo, na la Shirika la Kazi Duniani. Lakini wewe binafsi huwezi kuipelekea Kamati malalamiko dhidi ya Qatar. Mlango huo, ulio kwenye kifungu cha 14, hufunguka tu kwa nchi iliyotangaza kuukubali, na hakuna nchi ya Ghuba iliyofanya hivyo.

Kuna na kikwazo kingine. Mkataba wenyewe unasema hauhusu nchi kutofautisha raia wake na wasio raia. Qatar ndiyo iliyolipeleka jambo hili mbali zaidi, tena ikiwa mlalamikaji! Mwaka 2017 Falme za Kiarabu ziliwafukuza Waqatari, na mwaka uliofuata Qatar ikafungua kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ikidai kwamba kumtendea mtu vibaya kwa pasipoti yake ni ubaguzi wa asili ya taifa. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ikakataa: asili ya taifa, ikasema, si uraia ulio nao leo. Kamati ya Geneva ilikuwa imeuchukua upande mwingine, na msimamo wake tangu 2004 ni kwamba mgeni naye analindwa asitendewe tofauti bila sababu halali. Mimi nasimama na Kamati. Na kama ningekuwa naandika ripoti kivuli ya wafanyakazi wa ndani siku Qatar itakapoitwa tena, ningefungua kwa kunukuu maombi ya Qatar yenyewe The Hague, neno kwa neno, kisha ningeweka karatasi mbili za mshahara kutoka jiko moja.

Jambo mama. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, ninaishi Aarhus, Denmark, na sasa nimepata uraia wa huku. Nilipiga simu kuuliza nyumba ya kupanga, nikataja jina, nikaambiwa imekwisha chukuliwa. Rafiki yangu Mdenmarki akapiga baada ya nusu saa, akaambiwa iko, aje aitazame. Polisi wameandika malalamiko yangu, kisha wamefunga faili. Inafaa kuendelea ama niache?
*Mama Furaha, Aarhus*

Endelea, dada yangu. Katika wote walioniandikia mwezi huu wewe ndiye mwenye mlango ulio wazi. Denmark ilikubali malalamiko ya mtu binafsi tangu 1985, na Kamati imewahi kuiambia zaidi ya mara moja kwamba imekosea.

Simu ya rafiki yako ndiyo ushahidi wenyewe. Mwaka 2000 vijana wa Kiroma, jamii ya wachache inayobaguliwa Ulaya, huko Belgrade walifanya jambo kama hilo kwenye disko: Waroma wakafika mlangoni wakakataliwa, wasio Waroma waliovaa na kujiheshimu vile vile wakaingia. Waendesha mashtaka wakalikalia jambo hilo miaka. Mwaka 2006 Kamati ikasema Serbia na Montenegro, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, imevunja mkataba kwa kutochunguza ipasavyo. Na Denmark yenyewe ina kesi ninayoipenda kwa udogo wake. Ziad Ben Ahmed Habassi, Mtunisia mkazi wa kudumu, alitaka kununua king'ora cha gari kwa mkopo. Fomu ikauliza kama ni raia wa Denmark, akajibu ukweli, akanyimwa. Mke wake Mdenmarki akaomba mkopo huo huo akapewa. Polisi wakafunga faili. Machi 1999 Kamati ikaamua kwamba Denmark ilishindwa kuchunguza kama sababu halisi ilikuwa ubaguzi. King'ora cha gari, Mama Furaha! Yako ni nyumba.

Sasa taratibu. Muombe rafiki yako aandike leo, kwa mkono wake, saa aliyopiga na aliyoambiwa, na mtunze kumbukumbu za simu zote mbili. Kata rufaa dhidi ya uamuzi wa polisi, na uulize muda wa rufaa mara moja kwa sababu ni mfupi. Pia kuna chombo kiitwacho Ligebehandlingsnævnet kinachosikiliza malalamiko ya ubaguzi bila malipo. Usikiruke, maana Geneva watakuuliza kama ulimaliza njia za nyumbani. Ukishapata jibu la mwisho la Denmark, una miezi sita tu ya kupeleka malalamiko. Huhitaji wakili, ingawa nakushauri umpate, na unaweza kuandika kwa Kifaransa, ambacho nahisi kwako ni chepesi kuliko Kidenmarki. Taja mambo kwa mpangilio wa tarehe. Usiwaeleze maumivu yako kabla hujawaeleza saa za simu.

Bi Wakili, unatupotezea wakati na mambo ya Wazungu. Umoja wa Mataifa hauna polisi wala jela. Na sisi Tanzania tumesaini nini hasa? Pia naomba unisaidie: jirani amejenga ukuta umeingia kwangu hatua mbili.
*Mzee wa Chumbageni, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Mambo ya Wazungu si haya. Mkataba huu ulisukumwa na nchi za Afrika na Asia zilizokuwa zimetoka tu kupata uhuru, na kifungu cha 3 waliweka jina la apartheidi waziwazi ili Afrika Kusini isipate pa kujificha. Tanzania ilijiunga Oktoba 1972, enzi za Mwalimu, wakati Dar es Salaam imejaa wapigania uhuru. Baadaye uvivu ukaingia: baada ya ripoti yake kujadiliwa Agosti 2005, ilikaa miaka mingi bila kupeleka nyingine. Nchi iliyowahi kuisuta Pretoria kila mkutano ingeweza kujitahidi zaidi.

Kuhusu polisi na jela, ni kweli, hawana. Sikudanganyi. Australia, kwenye mji wa Toowoomba, uwanja wa michezo ulikuwa na jukwaa lililoandikwa jina la mchezaji wa zamani pamoja na lakabu yake, ambayo ni tusi la Kiingereza kwa watu weusi. Stephen Hagan, mwenyeji wa asili, alishindwa mahakama zote za nyumbani, akaenda Geneva. Mwaka 2003 Kamati ikasema tusi liondolewe. Serikali haikuliondoa. Jukwaa lilikuja kubomolewa 2008, na jina likaondoka nalo. Marekani nayo iliridhia 1994 kwa sharti kwamba mkataba usitumike moja kwa moja kwenye mahakama zake. Agosti 2014 Sybrina Fulton, mama yake Trayvon Martin, kijana mweusi aliyeuawa kwa risasi, alikwenda Geneva kusema juu ya mwanawe, siku chache baada ya kijana mwingine mweusi, Michael Brown, kupigwa risasi na polisi Ferguson. Kamati ikalaani matumizi ya nguvu kupita kiasi. Hakuna aliyefungwa kwa sababu hiyo. Mwenye kutaka jela asiende Geneva. Mwenye kutaka serikali ijibu swali hadharani, na jibu hilo lihifadhiwe ili aje alitumie mahakamani kwake, huyo ana sababu ya kwenda.

Kwenu Tanzania milango ni michache. Kifungu cha 14 haijakikubali, wala Kenya. Mahakama ya Afrika iko hapo Arusha, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa ridhaa yake ya kuruhusu mtu binafsi kuipeleka huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango umefungwa kwa kesi mpya. Ulio wazi bado ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, Gambia. Tanzania ilikwisha ridhia Mkataba wa Afrika 1984, na kifungu chake cha 2 kinakataza ubaguzi wa rangi na wa kabila. Kufungua lalamiko hakuna ada, ila lazima uonyeshe umepita njia za nyumbani au kwamba zimecheleweshwa kupita kiasi. Nyumbani mkataba hauingii wenyewe mahakamani kama Kenya, kwa hiyo shikilia Ibara ya 13 ya Katiba ya Muungano, inayokataza ubaguzi kwa utaifa, kabila na mahali mtu alipotokea. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya raia bila malipo.

Ukuta wa jirani hauna uhusiano na Umoja wa Mataifa. Nitumie nakala ya hati na ramani ya kiwanja, maana hatua mbili za nani, zako au za fundi? Nitakujibu toleo lijalo.